Karai limenivunja mtulinga nikipita chini ya ghorofa, nimdai nani?

MamaSado
Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Naomba ushauri wa sheria, na kama huna sheria nipe hata akili.

Mimi nauza dagaa. Asubuhi nachukua soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, halafu nashuka mjini kuwapitishia wateja wangu wa upande wa Makoroboi. Wiki tatu zimepita, ilikuwa Jumanne saa nane na nusu, upepo wa ziwa ushaanza, nikapita chini ya ghorofa linalojengwa. Jengo silitaji. Uzio wao wa mabati umekula njia yote ya waenda kwa miguu, kwa hiyo uchague: upite barabarani ugombane na bajaji, au ujibane kwenye mabati. Nikajibana. Beseni kichwani, ngata chini yake, sado tatu za dagaa.

Mara juu mtu anapiga kelele, "Chini weee!" Sasa ukiambiwa chini unafanya nini? Mimi niliangalia chini. Karai la zege likapiga ukingo wa beseni, likateleza, likanitua begani. Bila lile beseni nisingekuwa naandika hapa. Mtulinga wa kushoto umevunjika, mkono unaning'inia shingoni kwa kitambaa, na hata kujifunga kanga namwita mjukuu.

Foramani alishuka mbio, mpole sana, akaita bajaji. Kijana wa bajaji akaokota vyombo vyangu akavirundika nyuma. Kabla hatujaondoka foramani akanipa elfu hamsini na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Nimepokea msaada na sina madai yoyote." Nikasaini, machozi yananitoka, hata miwani sina.

Picha, dawa na nauli zimeshafika laki moja na themanini, biashara imelala. Nimemtuma mwanangu: mkandarasi anasema aliyedondosha ni kibarua wa siku, ameshaondoka. Mwenye jengo anasema yeye kazi alishamkabidhi mkandarasi. Nani wa kumdai? Na ile karatasi imenimaliza?

Kapuku wa Igoma
Pole mama. Umeshasaini, kula hamsini yako usonge. Kesi ya kapuku na tajiri, nauli tu za kwenda mahakamani zitamaliza mtaji.

Dogo_Buzuruga
Aende WCF, si ndio wanalipa ajali za kazini?

FundiMstaafu
Kapuku acha kumkatisha tamaa mtu mzima.

Mama, nimesimama juu ya mirunda miaka mingi, nikuambie kilichotokea. Kijana amemaliza kumwaga zege, anagonga karai pembeni ya jukwaa zege kavu litoke. Kila saiti wanafanya, na kila siku foramani anakataza. Ndiyo maana ukingo wa jukwaa unatakiwa uwe na ubao uliosimamishwa wima, kiasi cha unyayo tu, karai au nyundo ikiteleza igote hapo. Nje unafunga wavu. Na ukishachukua njia ya watu, unawajengea kibanda cha mbao wapite chini yake. Mbao zenyewe ni zile zile za kumwagia zege, zimejaa saiti! Kwa hiyo wasikuambie ni gharama. Lipige picha lile jukwaa leo, kesho utakuta wavu mpya unang'aa.

Piga na kibao cha mradi pia. Kina jina la mwenye mradi, mkandarasi na namba yake ya usajili.

Wakili_Nyamagana
Shikamoo mama, pole sana.

Dogo, hiyo WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni ya mfanyakazi aliyeumia kazini kwake. Mama alikuwa mpita njia, njia yake ni madai ya uzembe.

Wa kwanza kudaiwa ni mkandarasi. Awe kibarua wa siku moja au wa miaka kumi, alikuwa anafanya kazi yao, saa za kazi, kwa karai lao. Mwajiri hubeba kosa la mtu wake, na kijana kuondoka hakumwondolei deni. Mwenye jengo ana utetezi kidogo akionyesha alimpa kazi mkandarasi anayejitegemea, aliyesajiliwa. Lakini kazi iko juu ya njia ya watu, nami ningewashitaki wote wawili, wakanyooshane vidole mbele ya hakimu.

Kuthibitisha uzembe si kugumu kama mnavyodhani. Mwaka 1863 Mwingereza mmoja alipita chini ya ghala la unga Liverpool, pipa la unga likamwangukia. Mahakama ikasema mapipa hayadondoki ghalani bila mtu kuzembea, mwenye ghala ndiye ajieleze. Kanuni hiyo tunaitumia mpaka leo. Karai nalo halina miguu. Ongeza Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ambayo inalinda hata wasio wafanyakazi dhidi ya hatari za kazi ya wengine. OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wakikagua, taarifa yao ni ushahidi.

Karatasi: umesaini ukiwa na maumivu, hukuisoma, hujui hata umevunjika nini. Ridhaa ya namna hiyo inapingika mahakamani. Ile hamsini huenda ikakatwa kwenye fidia, basi.

Madai ya uzembe yana miaka mitatu tangu siku ya tukio, na hayaanzii Mahakama ya Mwanzo, nenda ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Hela uliyotumia inataka risiti moja moja. Maumivu hayana risiti, hayo hakimu anakadiria mwenyewe. Watasema pia ulijibana kwenye mabati kwa kusudi. Wakifaulu kidogo, fidia inapungua kwa kiasi cha kosa lako, haifutwi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ulichukua? Na karai lenyewe liko wapi? Hilo wameshalificha.

MamaSado
Wabeja sana wanangu. PF3 ninayo. Risiti ninazo, isipokuwa za bajaji.

Karai nimecheka mpaka bega limeuma. Kijana wa bajaji alidhani ni langu, akalirundika pamoja na beseni. Liko uani kwangu, limegandia zege pembeni, na chini lina herufi mbili za rangi nyekundu ambazo mwanangu anasema ndizo zilizo kwenye kibao cha mkandarasi. Mjukuu ameanikia dagaa humo wiki nzima.

Wakili_Nyamagana
Mama! Toa dagaa. Usilioshe.

MamaSado
Nimetoa. Liko chini ya kitanda, linanuka.