Kaka anazimua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nianzie wapi?

Dada wa Dom:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na tafadhali tusitaniane kwenye hili.

Kaka yangu ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Hajawahi kulala mtaroni, hapigi mtu, kazini anawahi kuliko wenzake. Ukoo mzima unasema anakunywa kistaarabu. Sasa shemeji amejifungua, nimekuja kumsaidia, na nimeona mambo. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka kikombe cha chai anakishika kwa viganja vyote viwili. Akiingia chumbani na kutoka, mikono imetulia na ananukia pipi ya minti. Juzi nikisafisha nikakuta kichupa cha Konyagi ndani ya buti la mvua. Zamani bia mbili zilimchangamsha, siku hizi anakunywa jioni nzima na huwezi kujua kama kalewa. Usiku tunapanga jambo, kesho yake analiuliza upya kama vile hatukuongea.

Shemeji anasema nisimchokonoe. Je, nisubiri mpaka afukuzwe kazi?

Mchumi wa Kijiweni:
Pole dada, ila mtu anafanya kazi, analipa ada, familia inakula. Mwache apumue. Maisha ya walimu unayajua.

Nesi Mstaafu:
Mchumi, kwa heshima zote, hapo ndipo tunapowapotezea watu. Kazi huwa ya mwisho kuharibika, kwa sababu mnywaji anailinda kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo inayompa hela ya pombe.

Dada, ulichokiona kina maana. Kuhitaji pombe nyingi zaidi ili achangamke ni dalili ya mapema. Kusahau mazungumzo ya jana, vivyo hivyo. Kuficha chupa, vivyo hivyo. Ila kuzimua ili mikono itulie ni hatua nyingine: mwili umeshazoea na unadai. Na msidharau hako kachupa. Kama ni ka mililita 200, asilimia 35, kana pombe ya karibu bia tatu za nusu lita.

Kliniki kuna maswali manne tunayoanza nayo. Umewahi kuona inabidi upunguze? Watu wakikusema kuhusu pombe unakereka? Unajisikia hatia kwa unywaji wako? Umewahi kunywa asubuhi ili utulie au uondoe uchovu wa jana? "Ndiyo" mbili zinatosha kumwona daktari. Ajibu mwenyewe, usimjibie.

Kamanda Mstahiki:
Mwageni chupa zote, mfungieni ndani wiki moja. Au kuna unga wa kienyeji unawekwa kwenye chai, akionja pombe anatapika mpaka anaichukia.

Nesi Mstaafu:
Kamanda, futa hayo, kuna mtu atayafuata. Mtu anayetetemeka asubuhi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio. Watu wanakufa hivyo. Hospitali wanampa dawa za kutuliza kwa siku chache, wanazipunguza taratibu, na vitamini B1 kulinda ubongo. Dawa za kumfanya mtu atapike akinywa zipo, lakini hupewa mwenye hiari na chini ya daktari. Kumtilia mtu kwa siri ni kumhatarishia maisha.

Baba Wawili:
Mimi niliacha. Aliyenifikia ni mdogo wangu, na hakuniita mlevi. Alikuja Jumapili asubuhi, nikiwa sijanywa kitu, tukakaa nje wawili tu, akasema, "Kaka, nimeona mikono yako. Naogopa." Basi. Nilimfokea. Wiki iliyofuata nilimpigia mwenyewe. Usiongee naye usiku akiwa amekunywa, na msimkalishe kikao cha ukoo.

Baadaye nilikaa kwenye mikutano ya Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha pombe, wale walioanzia Marekani mwaka 1935. Hakuna ada, jina la ukoo hawaulizi, na siku hizi mingine inafanyika mtandaoni.

Dada wa Dom:
Asanteni, nimelia kidogo. Hofu yangu ni Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili. Wanafunzi wake wakimwona pale, mtaa mzima utasema mwalimu kawa chizi. Halafu anameza dawa za presha, na Panadol karibu kila siku kwa ajili ya kichwa.

Nesi Mstaafu:
Mirembe wana uzoefu mkubwa na hili, ila si lazima aanzie huko. Hospitali ya mkoa muulizeni daktari wa afya ya akili, aende kama mgonjwa mwingine yeyote. Beba dawa zote anazotumia. Panadol ya kila siku juu ya pombe nyingi inaumiza ini, na pombe yenyewe inapandisha presha, kwa hiyo daktari lazima ajue kiasi halisi anachokunywa, na kile cha kwenye buti kihesabiwe. Ila kabla hamjafika huko, akianza degedege au kuweweseka, msisubiri kliniki. Moja kwa moja dharura, hata saa nane usiku.

Dada wa Dom:
Sawa mama. Kesho ni Jumamosi, yuko nyumbani. Nitamwomba anisindikize sokoni asubuhi, tuongee njiani.