Steringi wangu nimemtoa kwenye tamthilia, naomba ushauri kabla sijachapa kitabu

KalamuYaTabata
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi, hii wiki ya pili. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, matusi hapana.

Naandika hadithi za mapenzi. Natuma kwenye kundi la WhatsApp kila Jumanne na Ijumaa, msomaji analipa buku kwa wiki. Nilianza na watu kumi na mmoja, leo wamepita mia mbili. Hadithi ya sasa imeisha sehemu ya 40 na nataka kuichapa iwe kitabu.

Tatizo ni steringi. Anaitwa Sulemani, nahodha wa pantoni la Kigamboni. Nilimpata nikiangalia Sultan pale Azam, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Yule mwanaume ana namna yake ya kusimama. Mikono nyuma, kimya, watu wote wanasubiri avute pumzi. Halafu akifika mbele ya mwanamke mmoja tu, uso unalegea. Nilikuwa mkekani na mama, nikavuta kaunta buku nikaandika: "Anaogopwa na wote, anamwogopa mmoja." Sulemani akazaliwa usiku huo. Upole wake nimeutoa kwa Angelo, yule wa tamthilia ya Kifilipino tuliyokuwa tunaikimbilia kwa jirani nikiwa shule ya msingi.

Sasa msomaji mmoja kaniandikia inboksi: "Dada, huyu ni Sultan, umemvalisha tu kofia ya nahodha." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nibadilishe jina la steringi au niliache? Nawasilisha.

KondaWaMbagala
Nimeshika siti ya dirishani, wajuvi waje.

MzeeWaKigogo
Binti yangu, kabla ya jina tuanze na mtu mwenyewe. Suleiman wa kweli, yule sultani wa Uturuki ambaye tamthilia yako inamhusu, alitawala kuanzia 1520 hadi alipofariki 1566. Ibrahim Pasha, rafiki yake wa kula naye sahani moja, aliuawa 1536 kwa amri yake. Mwaka 1553 akaamuru mwanawe wa kumzaa, Mustafa, anyongwe. Ndiye huyo unayewapa wasichana wetu wamwote?

Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Sisi mashujaa wetu tuliwapata vitabuni, na kitabu kimoja kilizunguka mtaa mzima mpaka kikarudi hakina jarada. Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, nilimsoma kwa koroboi. Ukimsoma unaona kabisa kivuli cha James Bond, lakini Gamba alikuwa wa kwetu. Alipita barabara ninazozijua.

DadaWaSinza
Mzee wangu shikamoo. Hayo ya kunyonga ni kweli, lakini huyohuyo alimwandikia mkewe Hürrem mashairi ya mapenzi kwa jina la kishairi la Muhibbi. Mtu mmoja ana mkono wa kunyonga na mkono wa kuandika shairi. Ndiyo maana hatuchoki kumwangalia.

Dada Kalamu, na mimi niliwahi kumpenda Angelo. Nikaja kupata wa kwangu pale Mwenge, macho yaleyale, sauti ya chini ileile. Miaka mitatu nilikuwa namsubiri afanye vile Angelo angefanya. Siku niliyolazwa alikuja hospitali na chungwa moja, akalimenya, akalila mwenyewe huku akiangalia simu. Hakuwa mtu mbaya. Mimi ndiye niliyempa kazi ya kucheza nafasi asiyoijua. Waandishi mtuonee huruma.

KondaWaMbagala
Chungwa moja!

KaraniWaPosta
Turudi kwenye swali. Kumtoa steringi kwenye televisheni si jambo jipya wala si dhambi. Helen Fielding wa Uingereza alimpenda Mr Darcy wa tamthilia ya BBC ya 1995, aliyeigizwa na Colin Firth. Kwenye riwaya yake ya 1996 akamwita mwanaume wake Mark Darcy, jina halikufichwa hata kidogo. Filamu ya riwaya hiyo ilipotoka 2001, aliyemcheza Mark Darcy ni Colin Firth mwenyewe. Na Darcy huyo wa kwanza ni wa riwaya ya Jane Austen, ya mwaka 1813. Mhusika ametoka kitabuni akaenda kwenye televisheni, akarudi kitabuni, akaishia sinema, na kila alipopita aliongezewa kitu.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Wazo tupu halina mwenyewe. Mtawala mkali anayelegea mbele ya mpenzi wake ni wa watu wote. Kilicho na mwenyewe ni namna wazo lilivyotolewa: maneno, picha, muziki. Na jina Sulemani liko kila nyumba ya tatu Temeke, hakuna wa kulidai.

Ndiyo maana swali lako linanipa shaka. Mtu hakosi usingizi wiki mbili kwa jina. Umechukua nini kingine?

KalamuYaTabata
Asante sana kaka Karani. Ni tabia tu, na mkao. Maneno ni yangu yote, naapa.

MamaTunu
Mdogo wangu, mimi nauza vitabu vya mitumba, nimeshika vingi. Kava lina nini?

KalamuYaTabata
Kava lipo tu la kawaida dada. Bahari na pantoni.

MamaTunu
Na mtu je?

KondaWaMbagala
Kimya kimetanda jamvini.

KalamuYaTabata
Yupo. Ni picha ya yule mwigizaji, niliipata mtandaoni. Fundi akamtoa kilemba akamwekea kofia ya nahodha. Naombeni mnielewe. Nilijaribu vijana watatu wa mtaani, hakuna aliyetoa ule uso. Mmoja alicheka, mmoja alikodoa macho kama anapigwa picha ya kitambulisho. Wasomaji wangu wanamjua Sulemani kwa uso ule. Ningeweka mwingine wangesema si yeye. Na yule yuko Uturuki, atakiona wapi kitabu cha nakala mia tatu kinachouzwa Buguruni?

KaraniWaPosta
Dada, hapo umechemka. Jina lilikuwa kisingizio. Picha ina aliyeipiga na ina aliyepigwa, wote wawili wana haki zao, na umbali wa Uturuki hauzifuti. Halafu usiangalie Buguruni tu. Kitabu kikipendwa kitapigwa picha, kitasambaa, na wewe ndiye unayetaka kisambae.

MzeeWaKigogo
Mwizi wa kuku naye husema mwenye kuku yuko mbali.

DadaWaSinza
Mzee, taratibu. Huyu hajaiba kwa nia ya kuiba. Amempenda mtu wa kwenye kioo.

HakimuWaNjiaPanda
Naona mnamlilia, mimi naona chai ya moto kabisa. Someni bandiko la kwanza: "nataka kuichapa". Sasa hivi: "kitabu cha nakala mia tatu". Kimechapwa au hakijachapwa? Na angalieni akaunti, imefunguliwa juzi. Na masimulizi yamepangika mno. Mkeka, mama, kaunta buku, vijana watatu wa mtaani. Mtu mwenye shida ya kweli haandiki hivi. Hapa tunapigwa kamba ili kesho tuwekewe namba ya kulipia.

KondaWaMbagala
Duh. Mimi nilishatoa chozi kwa ajili ya chungwa.

KijanaWaGerezani
Hata mimi nilishtuka. Mbona hajataja jina la kitabu mpaka sasa? Anasubiri tuombe. Na nani kasema ni mwanamke? Nusu ya "akina dada" wa hadithi za WhatsApp wana ndevu.

DadaWaSinza
Kama ni tangazo, ni tangazo gani la kujiita mwizi wa picha?

HakimuWaNjiaPanda
Hayo ndiyo matangazo ya siku hizi.

KalamuYaTabata
Hakimu, umenikamata mahali pa kweli. Vimeshachapwa. Viko chini ya kitanda changu, maboksi sita, toka wiki mbili zilizopita. Niliandika "nataka kuchapa" kwa sababu nilitaka mniambie jina tu ndilo lenye shida, nikafute jina nilale.

Hela si yangu. Nimekopa kwenye kikoba cha akina mama ambacho mama yangu ndiye mweka hazina. Milioni moja na laki tatu na nusu, elfu nne na mia tano kwa kila nakala. Narudisha mwisho wa mwezi ujao. Nisipouza, anayesimama mbele ya wenzake ni mama.

Jina la kitabu sitalitaja hapa, leo wala kesho. Namba sitoi. Akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani wasomaji wangu wanaijua. Kuhusu kupangika, ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikiwa na hofu napanga maneno, ndivyo ninavyotulia.

Jumamosi nilikuwa nimeshapanga kuanza kuuza. Nilifikiria kubandika stika machoni tu.

MzeeWaKigogo
Binti, la kuku nalirudisha. Mama yako anajua?

KalamuYaTabata
Anajua vimechapwa. Uso ni wa nani hajui, maana macho yake siku hizi hayaoni karibu. Ananiuliza kila siku Sulemani katoka vizuri.

KaraniWaPosta
Stika machoni hapana, utamfanya aonekane mhalifu. Kinachoharibu ni kava, ndani kuko sawa. Rudi kwa mchapaji, kava linavuliwa, linagundishwa jipya. Ulizia bei leoleo.

MamaTunu
Mdogo wangu, na mimi nina la kwangu, si la sheria. Umesema ulijaribu vijana watatu hawakutoa uso ule. Ni kwa sababu Sulemani bado anakaa ikulu. Mwanaume wa kwenye tamthilia hana kodi ya miezi sita, hana dalali, hapandi mwendokasi amebanwa mlangoni. Anasimama mikono nyuma kwa sababu kuna mia moja wanaofanya kazi kwa niaba yake. Nahodha wa pantoni ni mwajiriwa. Nakuuliza, na usiwaze sana: Luku imeisha saa nne usiku, simu haina salio. Sulemani anafanya nini?

KijanaWaGerezani
Anaamuru Luku inyongwe.

KalamuYaTabata
Dada, umenitoa jasho. Nimekaa na swali lako saa nzima.

Zaituni ni fundi cherehani, sehemu zote arobaini. Usiku huo ana gauni la bibi harusi, linachukuliwa asubuhi. Luku inakata. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, haihitaji umeme, lakini kitambaa ni cheupe na uzi ni mweupe, haoni kitu. Hampigii kelele. Anaweka tu paji la uso juu ya kitambaa.

Sulemani anasimama mlangoni vilevile, mikono nyuma. Halafu anakwenda kwenye begi la kazi, anatoa tochi ya pantoni, ile nzito. Anakuja kusimama nyuma ya kiti chake, anainyanyua juu ya sindano. Hasemi neno. Saa tano, saa sita. Zaituni anaona mwanga unaanza kutikisika juu ya kitambaa, anajua mkono umechoka. Anasema, "Pumzika." Yeye anabadilisha mkono.

Sijui kama ni sawa. Nimeandika kwa simu.

DadaWaSinza
Ningeletewa tochi badala ya chungwa, saa hizi nina watoto wawili.

MamaTunu
Huyo sijawahi kumwona kwenye king'amuzi.

KaraniWaPosta
Na kava lako hilo hapo. Mkono, tochi, kitambaa cheupe. Uso hauhitajiki. Mkono hata wa jirani unatosha, mwombe ruhusa akusainie karatasi.

KalamuYaTabata
Lakini hiyo sehemu haimo kitabuni. Vimeshachapwa.

MamaTunu
Ukivua kava unaweza kuongeza karatasi mbili kabla ya kugundisha upya. Muulize mchapaji.

KalamuYaTabata
Nimempigia. Kava jipya na kurasa nne za nyongeza, elfu moja na mia mbili kwa kila nakala. Laki tatu na sitini. Jumamosi siuzi tena. Kesho nawaambia wasomaji wa kundi walipie nakala mapema, nione zinafika ngapi. Ya mama nitamweleza usiku huu, picha ni ya nani na kwa nini naibadilisha. Cherehani ya kwenye kava itakuwa yake, aliacha kushona macho yalipoanza kumsumbua.

KondaWaMbagala
Mkono ninao, umezoea kushikilia bomba la daladala kutwa. Tochi sina.

HakimuWaNjiaPanda
Mimi bado nasema ni chai. Ila gauni liliisha?

KalamuYaTabata
Liliisha saa tisa kasoro. Pindo la chini lilibaki na mshono mmoja umepinda, Zaituni akakataa kuufumua.