Mjadala: Dansi ya wawiliwawili iwe kipindi cha lazima shuleni?

Hoja iliyo mezani: walsi, rumba, tango na foksitroti zifundishwe kwa kila mtoto ndani ya muda wa masomo, au zibaki burudani ya hiari jioni? Mfano unaotajwa sana ni Dancing Classrooms, mpango ulioanzishwa na mcheza dansi Pierre Dulaine katika shule za New York mwaka 1994: vipindi 20 kwa wiki 10, darasa zima, bila kuchagua wenye vipaji.

Mwalimu wa hesabu: Vipindi 20 vya dakika 45 ni saa 15. Zitatoka wapi? Na msiniambie dansi inapandisha alama za hesabu. Ripoti ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ya mwaka 2013 kuhusu elimu ya sanaa ilisema wazi kwamba sababu kuu ya kufundisha sanaa ni sanaa yenyewe.

Mwalimu wa dansi: Hapo tuko pamoja kabisa. Dansi ikidandia hesabu ili ipate nafasi kwenye ratiba, alama zisipopanda itafukuzwa. Itetewe kwa kinachofundishwa ndani yake. Chukua mraba wa walsi, hatua sita za msingi zinazohesabiwa "moja, mbili, tatu" mara mbili. Anayeongoza anatanguliza mguu wa kushoto mbele, wa kulia unakwenda pembeni, wa kushoto unafunga. Kisha wa kulia nyuma, wa kushoto pembeni, wa kulia unafunga. Kosa kubwa huzaliwa kwenye "tatu": mtoto anafunga mguu lakini hahamishi uzito, anauegesha tu. "Moja" inayofuata inamkuta mguu anaouhitaji bado umembeba, anaondoka na ule mwingine, anamkanyaga mwenzake. Kumwambia "sikiliza muziki" hakumsaidii. Msimamishe kwenye "tatu", mwambie ainue mguu wa kulia. Ukigoma kuinuka, amejionea mwenyewe kosa liko wapi. Ndiyo maana ni vizuri kuanza na merenge, dansi ya Karibea: kila pigo hatua moja, kila hatua uzito unahama. Walsi, yenye mapigo 84 hadi 90 kwa dakika, ije baadaye, na kwanza ihesabiwe kwa mdomo polepole.

Mzazi: Mimi linanisumbua la kushikana. Mtoto wa miaka kumi analazimishwa kumshika asiyemtaka, mbele ya darasa zima.

Mwalimu wa dansi: Aibu inakua pale mtoto anapoachiwa achague mwenzi, kwa sababu yupo atakayebaki peke yake. Panga duara mbili, ya ndani na ya nje. Kila baada ya dakika mbili duara ya nje isogee mtu mmoja kulia. Mwenzi usiyemtaka anapita haraka, na hakuna anayekataliwa. Idadi ikiwa witiri, mwalimu anaingia kwenye duara. Mikono nayo ina mahali pake: wa kulia wa anayeongoza unakaa mgongoni mwa mwenzake chini kidogo ya bega, vidole vimefungana, bila kuvuta. Mtoto akisema hataki kuguswa, waanze kwa viganja tu, mikono imenyooshwa.

Mzazi: Na kwa nini mvulana ndiye aongoze siku zote?

Mwalimu wa dansi: Hakuna sababu. Wote wajifunze pande zote mbili, kuanzia wiki ya kwanza. Aliyewahi kufuata huacha kumsukuma mwenzake anapoongoza.

Mwalimu mkuu: Tusisahau sakafu. Watoto 26 ni jozi 13. Ukizipa mita mbili kwa mbili kila moja, unahitaji mita za mraba 52 zilizo wazi. Madawati yasogezwe kila mara, na nani atayasogeza? Soli za raba zinang'ang'ania sakafu, mwili unageuka na goti linabaki. Soksi kwenye vigae, mtoto anateleza.

Mwalimu wa hesabu: Nimejibiwa la thamani, sijajibiwa la saa 15.

Mwalimu mkuu: Ningezitoa kwenye elimu ya viungo kwa wiki hizo 10, lakini sehemu tu. Kukimbia na kuruka visifutwe kabisa. Dansi ya polepole haichoshi moyo kama mbio.

Mwalimu wa dansi: Nakubali, kwa sharti moja: pasiwe na mashindano. Kukiwa na kombe, wiki ya saba mwalimu atateua jozi tano na waliobaki watakaa kwenye benchi wakitazama vipindi vyao vikienda. Siku ya kuonyesha wazazi licheze darasa zima, na wenzi wapatikane kwa kura asubuhi hiyohiyo.