Gitaa la mfenesi, gitaa la mpingo: lipi tulitake visiwani?

Asalaam aleikum jamani. Naileta hapa hoja iliyotushinda barazani Malindi, hapa Unguja, wiki iliyopita. Kijana mmoja kaja na gitaa alilolichonga mwenyewe: mgongo na mbavu mfenesi, shingo mkangazi, uso kaubandua kwenye gitaa bovu lililoachwa na mgeni. Mzee mmoja, mpiga udi wa miaka mingi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasema: "Huu mlango huu." Baraza zima likaangua kicheko. Kijana akalifunga kwenye kanga akaondoka.

Mie nilikereka. Kwanza milango ya Mji Mkongwe tunayojivunia, mingine ni ya msaji ulioletwa kutoka India na mingine ni ya mfenesi huu huu. Pili, naona miti ya magitaa duniani inamalizwa na macho ya watu. Rozwudi ya Brazili, ndugu wa damu wa mpingo wetu, ilisakwa mpaka mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa ikafungwa chini ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kule Kameruni, Bob Taylor wa Taylor Guitars, kampuni ya magitaa ya Marekani, alipoingia kwenye biashara ya abunusi mwaka 2011, alikuta wakataji wanaangusha kama miti 10 ili wapate mmoja mweusi tii. Yenye mabaka ilikuwa ikiachwa ioze palepale, kwani mnunuzi alitaka weusi. Weusi una sauti gani?

Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Uhispania ambaye magitaa ya leo ya nyuzi za nailoni yanafuata umbo lake, alitengeneza moja lenye mgongo na mbavu za makaratasi, uso wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari. Likalia vizuri tu. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliwapa wapigaji 52 magitaa sita, yote sawa isipokuwa mti wa mgongo na mbavu, wakayapiga gizani. La mti ghali na la mti rahisi hayakupishana kitu cha kusema. Wahindi wa kusini huchonga vina, ala yao ya nyuzi, na ngoma zao za mridangamu kwa mfenesi. Cebu, Ufilipino, watu wa kisiwa kama sie, wanauza magitaa ya mfenesi. Kwa hiyo nauliza: fundi wa Unguja anaagiza mbao ya nje ya nini?

Mtoto wa Kilwa, naishi Amani
Kaka, umesema vizuri ila mpingo umeugusa kijuujuu, nami ndiko nilikozaliwa. Vijiji vya Kilwa vimepewa misitu yao kisheria na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la kukagua misitu, kwamba wanakata kwa kipimo. Gogo likiuzwa, pesa inaingia kijijini. Wanunuzi wakubwa ni watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya, magitaa yanakuja nyuma. Sasa nyinyi mkisema "tusiutake mpingo" mnamwonea nani? Msitu usiomlipa mwanakijiji hufyekwa shamba la ufuta. Mpingo unachukua miaka zaidi ya 60 kufikia unene wa kukatwa. Hakuna atakayeungoja bure.

Fundi seremala, Mwembetanga
Yote hayo maneno mazuri. Mie nashika randa.

Mfenesi ukikatwa leo ukachongwa mwezi ujao, gitaa litakupasukia mkononi. Hapa petu unyevu hautoki, masika inaingia hadi kabatini. Mbao inataka kusimamishwa kivulini, hewa ipite, mwaka na zaidi, na ubavu wa gitaa ni wa milimita mbili au tatu, si kizingiti. Nani ana mtaji wa kuweka mbao mwaka mzima haijaingiza shilingi? Ndiyo maana vijana wanabandua magitaa mabovu. Yule mzee hakukosea kabisa: ninavyodhani aliugonga mgongo ulio mnene, ukaitikia kama mlango. Tatizo lilikuwa unene. Mpelekeni kwangu huyo kijana.

Halafu hilo la makaratasi ya Torres linathibitisha kitu chengine: uso ndio unaosema. Na uso wetu ni sprusi, mti wa nchi za baridi. Kwa hiyo nje bado tunaagiza, tusidanganyane.

Mpemba wa Konde
Yakhe, nyie watu wa mjini mnapanga mfenesi kana kwamba umeota kwenye karatasi. Mfenesi una mwenyewe. Upo uwanjani kwa bibi, watoto wanakula fenesi, mbuzi wanakula majani, na chini yake ndiko tunakofanyia arusi. Bibi hauzi mpaka awe na mgonjwa au mahari ya kulipa, na siku hiyo dalali anampa bei ya kuni. Sie tunapakana na msitu wa Ngezi, tushaona mivule ilivyopungua, na bado watu wanauliza wapi tena pa kukata. Nikubali mfenesi uwe wa magitaa, sawa, ila bei iwe ya gitaa na si ya kuni, na kila unaokatwa ipandwe mitatu. Mpanzi hatauona ukivunwa, hilo nalijua.

Aliyefungua mada
Mpemba kanishika pabaya. Kweli nilihesabu mti nikamsahau bibi. Na wa Kilwa nampa haki yake: mpingo wenye hati ya kijiji, kipande kidogo cha ubao unaopita chini ya vidole, sina ubishi nao. Kipande hicho ni kidogo na kinadumu. Ninachokataa ni gitaa zima jeusi kwa ajili ya picha.

Ila kwenye sauti sirudi nyuma. Kwa hiyo Ijumaa baada ya sala ya alasiri, baraza lile lile, yatapigwa magitaa matatu nyuma ya pazia, la kijana likiwamo, baada ya fundi kumpunguzia mgongo. Mzee nimemfuata nyumbani, nikamwamkia, nikamweleza. Kakubali kuja, kwa sharti moja: pazia atalifunga mwenyewe.