Mmetuharibia maandishi kwenye skrini za kawaida, halafu mnatuambia tukanunue mpya

Wakuu,

Nina hasira na sitajifanya sina. Programu ninayoandikia msimbo kutwa nzima imejisasisha, na tangu siku hiyo maandishi yake yana ukungu. Mguu wa herufi "l" uliokuwa pikseli moja (nukta ndogo kabisa ya skrini) nyeusi tii sasa ni pikseli mbili za kijivu zilizobanana. Herufi "m" ina miguu mitatu na kila mguu una weusi wake. Neno likiandikwa mara mbili kwenye mstari mmoja halifanani na lenyewe, kwa sababu mara hii limeangukia mwanzo wa pikseli na mara ile limeangukia katikati. Nikakimbilia kwenye mipangilio, pale palipokuwa na chaguo la kuamua herufi zilainishwe vipi. Chaguo limeondolewa.

Nimewaandikia wenye programu kwa adabu zote, nikaambatisha picha ya skrini. Nikajibiwa kwamba kwao maandishi yako safi, tatizo ni skrini yangu, na nikitaka nafuu nihamie 4K, yaani skrini yenye pikseli nyingi zaidi. Ripoti ikafungwa siku hiyohiyo.

Nianze na hiyo picha ya skrini, maana hapo peke yake pana ufedhuli wa kutosha. Mtu mwenye skrini yenye pikseli nyingi akifungua picha yangu, mara nyingi kompyuta yake inaikuza mara mbili ili isionekane ndogo. Pikseli yangu moja kwake inakuwa nne. Au kidirisha cha ripoti kinaibana picha ienee, na kila ukingo unachorwa upya. Anachokitazama yeye sicho ninachokiona mimi. Anayetaka kukiona ninachokiona achomeke skrini ya kawaida kwenye kompyuta yake, aisomee siku nzima ya kazi. Hilo hawalifanyi. Wanaamua jinsi maandishi yatakavyochorwa kwenye skrini ambazo wao wenyewe wameshaziacha.

Na hizi skrini si vitu vya makumbusho. Inchi 24 zenye pikseli 1920 kwa 1080 bado zinatengenezwa mpya leo, na ukipiga hesabu unapata kama pikseli 92 kwa inchi. Laptopu ya inchi 15.6 yenye 1366 kwa 768 ina kama 100. Skrini ya 4K ya inchi 27 ina 163. Tofauti hiyo ndiyo kesi yote.

Naeleza kwa wale ambao hawajawahi kulifikiria. Ndani ya fonti, herufi ni mchoro wa mistari na mikunjo isiyojua pikseli ni nini. Chukua fonti ambayo mguu wa herufi ni asilimia 9 ya ukubwa wake, uiandike kwa pikseli 13. Mguu unatakiwa uwe na upana wa pikseli 1.17. Pikseli ya 1.17 haipo duniani. Kimo cha "x" kikiwa asilimia 52, unapata 6.76, nayo haipo. Programu isiyojali inachora hivyohivyo: sehemu iliyojaa inakuwa nyeusi, iliyobaki inapakwa kijivu. Ndiyo maana juu ya kila mstari wa maandishi unaona utepe wa kijivu unaotembea kutoka mwanzo wa aya hadi mwisho, na jicho linaendelea kutafuta ukingo ambao haupo. Kwenye skrini ya 163, maandishi ya ukubwa uleule machoni yanachorwa kwa pikseli 23, mguu unakuwa na upana wa pikseli 2.07, na hiyo kijivu iliyobaki ni nyembamba hata huioni. Huyo aliyefunga ripoti yangu anaishi huko.

Dawa ya jambo hili ilipatikana zamani. Ni hinti, yaani maelekezo yaliyopachikwa ndani ya fonti yenyewe yanayoiambia kompyuta: kwa ukubwa huu, kimo cha "x" kiwe 7 kamili, mguu uwe 1 kamili, miguu mitatu ya "m" ipishane kwa nafasi sawa. Fonti za Type 1 za Adobe zilikuwa na hinti zake. TrueType, muundo wa fonti wa Apple, ulipoingia kwenye Mac mwaka 1991 na kwenye Windows 3.1 mwaka 1992, ulikwenda mbali zaidi, kwani ndani ya kila fonti mnaweza kukaa programu ndogo kabisa yenye amri zake, hadi amri ya kusogeza nukta moja ya herufi moja kwa ukubwa mmoja tu.

Kazi hiyo ilifanywa na watu waliojua wanachofanya. Matthew Carter alipobuni fonti za Verdana na Georgia, zilizotolewa na Microsoft mwaka 1996, alianza na herufi za pikseli kwa pikseli, akahakikisha zinasomeka, ndipo mikunjo ikachorwa kuzifuata. Tom Rickner akaandika hinti za fonti hizo. Mpaka leo, fungua Verdana kwenye skrini hafifu na hinti zikiwa zimewashwa, utaisoma bila kukunja uso. Kazi ya namna ile imo ndani ya faili, umeshaipakua, iko kwenye diski yako, na programu inaipita kama haipo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Linaniuma zaidi nikikumbuka tulivyoisubiri. Apple walikuwa na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) juu ya namna ya kutekeleza hinti za TrueType, kwa hiyo FreeType, maktaba inayochora herufi kwenye Linux na Android, kwa miaka mingi ilikuja na kipengele hicho kikiwa kimezimwa, na badala yake ikabuni hinti zake yenyewe kwa kukisia. Hataza zikaisha 2010, kipengele kikawashwa kwa kila mtu. Hataza za ClearType, nitakayoieleza sasa hivi, nazo zikaisha 2019. Yaani sasa hakuna sheria inayomzuia yeyote. Na ni wakati huuhuu, mlango ulipofunguka, ndipo waandishi wa programu wanaziba wenyewe!

ClearType kwa asiyeijua: kila pikseli ya skrini ya LCD ina vijipikseli vitatu, chekundu, kijani na bluu, vimesimama kando kwa kando. Ukivitumia kimoja kimoja badala ya pamoja, unapata hatua tatu kwa upana pale ulipokuwa na moja. Microsoft waliitangaza kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX mwaka 1998, ikaja na Windows XP mwaka 2001 ikiwa imezimwa, na kwenye Vista ikawashwa tangu mwanzo. Kwa skrini ya pikseli 92 kwa inchi, mabadiliko yalikuwa makubwa mno. Kisha programu zikaanza kurudi nyuma. Office 2013 ikarudi kwenye kijivu. macOS Mojave mwaka 2018 ikazima njia hiyo kama chaguomsingi, na waliokuwa wamechomeka skrini za kawaida kwenye Mac zao wakaona herufi zimekonda usiku mmoja. GTK 4, maktaba inayochora madirisha ya programu nyingi za Linux, ikatoka Desemba 2020 bila njia hiyo ya vijipikseli.

Sasa, sitaki mtu aje hapa aseme sijui sababu zao. Nazijua, na baadhi nazikubali. Vijipikseli vinataka kujua rangi iliyo nyuma ya herufi, na programu za leo zinachora kila kitu kwenye tabaka za uwazi zinazosogea na kufifia. Skrini ikigeuzwa wima, mpangilio wa rangi unageuka. Skrini nyingi za OLED hazina vijipikseli vilivyopangwa kwa mstari, hivyo ukichora kana kwamba vipo unapata ukingo wa zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili. Kweli tupu. Mwenye OLED asilazimishwe.

Lakini hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayogusa hinti za wima! Kunyoosha kimo cha "x" kifike kwenye pikseli kamili hakuhitaji rangi, hakujali tabaka, hakujali OLED. FreeType tangu toleo 2.7 la mwaka 2016 inafanya hivyo kama chaguomsingi. Maelekezo ya wima yanafuatwa, ya mlalo kwa sehemu kubwa yanaachwa, umbo la herufi linabaki la mbunifu na mistari inakaa sawa. Njia ya katikati ipo, ni ya bure, inafanya kazi. Mtu aniambie kwa hoja, kwa nini programu iiruke hiyo pia, halafu ifute na chaguo lenyewe?

Wanasema kuacha njia mbili za kuchora herufi ni mzigo wa matunzo. Haya. GTK walisema yao, watu wakalalamika kwa sauti, na toleo la 4.6 likaleta mpangilio wa gtk-hint-font-metrics, kipimo cha herufi kikarudi kwenye pikseli kamili kwa anayetaka. Mbingu hazikuanguka. Kwa upande mwingine Pango 1.44 ya mwaka 2019, maktaba inayopanga maandishi ndani ya GTK, iliacha fonti za bitimapu, zile zilizochorwa pikseli kwa pikseli, na watu walioziweka kwenye vidirisha vyao vya amri kwa miaka na miaka waliwasha kompyuta wakakuta visanduku vitupu mahali pa herufi. Hao hawakuomba kitu kipya. Walikuwa wanasoma vizuri wakaondolewa macho.

Wabunifu wa tovuti nao nawagusa kidogo. Unachagua fonti ya uzito wa 300, yaani nyembamba, unaipaka kijivu juu ya nyeupe, unaandika -webkit-font-smoothing: antialiased kwenye kila ukurasa. Amri hiyo ina kazi kwenye macOS peke yake, na huko inakondesha herufi. Sisi wengine tunabaki na mguu wa nusu pikseli uliopakwa kijivu cha kijivu. Hali ya giza ni balaa zaidi, kwa sababu programu nyingi zinachanganya rangi bila kurekebisha gama (namna skrini inavyogeuza namba kuwa mwanga), na kwa hesabu hiyo maandishi meusi juu ya meupe yananenepa kidogo ila meupe juu ya meusi yanakonda. Fonti ileile, ukubwa uleule, huku inasomeka, kule inatoweka.

Ninachodai ni kidogo. Programu iheshimu mipangilio ya mfumo endeshi: nikishachagua kwenye mfumo kwamba nataka hinti, usinipangie upya ndani ya dirisha lako. Chaguo la kuchora herufi libaki, hata likiwekwa ndani kabisa. Kila toleo lijaribiwe kwenye skrini moja ya 1920 kwa 1080 kwa ukuzaji wa asilimia 100 kabla ya kutolewa. Na acheni kufunga ripoti za watu kwa kisingizio kwamba ni suala la mapendeleo. Kusoma ndiyo kazi ninayoifanya kutwa. Jioni macho yanawasha na kichwa kinagonga, na kabla ya hilo sasisho hali haikuwa hivi kwenye skrini hiihii, kiti hikihiki, taa ileile.

NYONGEZA: Naona tayari watu wanne wameandika "nunua 4K yaishe." Wakuu, wengi tunafanya kazi kwa skrini tuliyopewa na mwajiri, hatuichagui. Na hata ukiipata, 4K ya inchi 27 kwa asilimia 100 ina maandishi madogo mno, kwa 200 yanakuwa makubwa mno, kwa hiyo utaweka 150. Mifumo kadhaa ikifika hapo inachora kila kitu kwa ukubwa mara mbili halafu inakipunguza, na programu za zamani zinachorwa ndogo halafu zinavutwa. Ukungu uleule, umelipia zaidi. Hinti zikizimwa, 4K inaficha tu.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kama nimekagua kebo, ndiyo, na swali lake ni zuri kuliko majibu yote niliyopewa na wenye programu. Skrini ikiunganishwa kwa HDMI na ikajidhania ni televisheni, inaweza kupokea rangi zilizobanwa, pikseli kadhaa zikigawana rangi moja, na hapo maandishi ya rangi yanaharibika hata programu ikiwa haina kosa. Kagua iwe RGB kamili, na "sharpness" ya skrini irudi kwenye thamani ya kiwandani. Kwenye Linux, fontconfig, yenye mipangilio ya fonti, ndiyo inayoshika hinting, hintstyle (kiasi cha hinti) na rgba (mpangilio wa vijipikseli). Kwenye hintstyle jaribu hintslight (hinti kidogo) kwanza, kisha hintfull (hinti kamili), ufunge na kufungua programu kila mara. Kwenye Windows, andika ClearType kwenye kisanduku cha kutafuta upitie zile kurasa za sampuli. Kama baada ya hapo programu nyingine zote zimenyooka na moja imebaki na ukungu, basi ujue hiyo moja haisikilizi mfumo. Iandikieni ripoti, taja upana wa skrini, pikseli zake na asilimia ya ukuzaji, na picha mpige kwa kamera ya simu karibu kabisa na kioo, ili pikseli zenyewe zionekane na asiwepo wa kusema kwake ni safi.