AMEUKUNG'UTA. MMEA WANGU. AMEUKUNG'UTA!

MwenyeKibaraza, Nakuru
Wadau, naandika huku mikono inatetemeka. Yule mtu mnamjua. Simtaji. Ni yule yule aliyeanika mablanketi juu ya sukuma wiki za watu Krismasi.

Leo natoka kazini nakuta mkia wa punda wangu, ule unaoning'inia dirishani, umebaki kamba. Kamba tupu! Nauliza kulikoni, anatabasamu: "Nimekusaidia, ulikuwa na vumbi, nikaukung'uta."

Akaukung'uta. Kwa mikono miwili, nje ya kibaraza, kama mkeka wa matanga.

Mmea ambao ukiukoholea tu majani yanaanguka! Mimi mwenyewe nikitaka kuugeuza upate jua nazuia pumzi. Mzee wangu haruhusiwi kupiga chafya hapo. Halafu vumbi gani? Ule weupe ni nta yake, ndiyo inayoukinga na jua. Vumbi la Nakuru silijui mimi?

Nilitafuta mchanga, nikachanganya na changarawe nyepesi za volkeno za huku Menengai ili maji yasituame. Maji naupa udongo ukishakauka kabisa. Yeye? AKAUKUNG'UTA.

Na bado. Kila jani lililoanguka lingetoa mizizi, ukililaza tu juu ya udongo. Kila jani! Ningekuwa na shamba. Alifagia yote akawapa kuku.

Kimya_Kingi
Picha kwanza.

OmoshTena
Huo mkia unapikwa na maziwa au unakaangwa na nyanya?

MwenyeKibaraza
Wewe nyamaza.

Shamba_Njoro
Pole dada. Usiumwagilie kwa huruma. Bila majani hauna pa kuyapeleka maji, mizizi itaoza. Uweke penye mwanga mwingi, mashina yanaweza kuchipua tena. Ncha zilizopona zikate, ziache kidonda kikauke siku kadhaa, kisha uchomeke. Kwao Meksiko unaota kwenye miamba, umezoea shida.

MwenyeKibaraza
Asante, lakini naona hujanielewa. ALIUKUNG'UTA.

OmoshTena
Tumeelewa mama. Hata punda ameelewa.

Mama_Mayai
Samahani, hao kuku ni wa nani? Niko ploti hiyo hiyo na wangu wameacha chakula tangu mchana.

Shamba_Njoro
Mmea huo hauna sumu. Wameshiba tu.

Mama_Mayai
Kwa hiyo ni wangu! Nani alimruhusu kulisha kuku wa watu? Huyo huyo ndiye anayefungua banda anasema wanahitaji hewa.

Nyar_Kisumo
Heri nyinyi. Huku Kisumu wa kwetu anamwagilia maua gorofani, maji yote yanashukia omena niliyoanika. Nikipiga kelele ananiambia zinahitaji kuoshwa.

Kimya_Kingi
Huyo wa mablanketi si ndiye hajalipa pesa ya maji tangu tuhamie?

Mama_Mayai
Ndiye! Na ndiye anayeoga asubuhi mpaka tangi linakauka.

OmoshTena
Kumbe anaoga? Mimi nilijua anajikung'uta.

MwenyeKibaraza
Jamani, na mmea wangu?

Kimya_Kingi
Ngoja kwanza. Keyateka alisema pampu ingewashwa saa kumi na moja. Kuna aliyepata maji upande wa nyuma?