Tupeane uzoefu: mliofufua fremu za baiskeli za resi za Kiitaliano huku Kigoma, mwisho wa reli, mlizipataje na mlizijengaje?

Mjukuu wa Ujiji
Wakuu salama?
Leo nimepita soko la Mwanga kutafuta tyubu ya baiskeli ya dogo. Kwa yule mzee wa spea kuna fremu ya resi imening'inizwa katikati ya makeria ya Phoenix. Rangi imekwisha, jina halisomeki, ila kwenye bomba la kiti imebaki stika ya njiwa. Wanaojua wanajua: njiwa ni Columbus, wanatengeneza mabomba ya chuma Milano tangu 1919, na Wataliano wenye majina, Colnago, Cinelli, De Rosa, Pinarello, wote wamejengea mabomba yao. Nikauliza bei, mzee akatabasamu kwanza. Laki na themanini, fremu na foki, bila kingine chochote.
Imenirudisha mbali. Shemeji yangu wa Kasulu alikuwa nayo moja, akaniachia niipande siku moja tu, na tangu siku hiyo Phoenix yangu naona naibeba mimi, yenyewe hainibebi.
Mliopitia huku tupeane uzoefu. Mlizitoa wapi, mlikwama wapi, vifaa mlipata kwa nani. Wa Tabora nanyi karibuni, ingawa treni huwa inawapitia tu ikija kwetu.

Fundi wa Gungu
Usitoe hata mia kabla hujapima pale chini pedeli zinapopita. Chukua rula, pima lile bomba fupi toka ukingo mpaka ukingo. Ukipata milimita 68, pumua, huo ni uzi wa Kiingereza na vikombe vyake vya beringi vinapatikana. Ukipata 70 huyo ni Mtaliano kamili. Kipenyo chake ni 36, na kikombe cha Kiingereza ni kama 34.8, kwa hiyo ukikiweka kinatumbukia bila kushika popote. Hapo ndipo mafundi wengi huanza kufungia tepu za mabomba ya maji na vipande vya kopo la soda.
Jambo la pili. Mwingereza upande wa cheni hufungwa kinyume, kusudi ukikanyaga kisilegee. Mtaliano kulia na kushoto vyote vinafungwa kwa kuzungusha kulia. Kile cha upande wa cheni kina tabia ya kujifungua chenyewe ukiwa katikati ya mlima. Kaza na spana ndefu, weka gundi ya nati, na bado usikiamini.

Mgebuka Mkavu
Hapo kwenye 70 umenieleza mateso ya mwaka mzima. Ubarikiwe fundi.

Asali ya Sikonge
Treni inatupitia? Bila Tabora hiyo treni yenu ingeishia porini. Tuyaache.
Yangu ilitoka kwa mzungu mmoja wa kujitolea aliyemaliza mkataba wake, akawa anagawa vitu. Watu wanagombea friji na jiko la gesi, mimi nikaomba chuma kilichokuwa kimesimama nyuma ya mlango. Bianchi, na ile rangi yao ambayo mpaka leo nyumbani tunabishana kama ni kijani au buluu. Magurudumu alishampa mtu mwingine.
Shida ilikuwa nyuma. Fremu ina milimita 126 pale linapoingia gurudumu la nyuma, ya enzi za gia sita na saba, na habu (kitovu cha gurudumu) niliyopata ina 130. Fundi wa Isevya akataka kuingiza gogo halafu tuikalie. Nikamwambia hapana baba. Tukatafuta studi ndefu, nati mbili na washa, tukawa tunasukuma taratibu kutoka ndani kwenda nje. Chuma hurudi, kwa hiyo ukitaka kupata milimita nne unasukuma zaidi ya nne, unaachia, unatazama kimeishia wapi, unaongeza. Halafu ndiyo kazi ya kamba. Unafunga uzi wa cherehani kwenye tundu la nyuma la kulia, unaupeleka mbele unauzungushia kwenye kichwa cha fremu, unarudi nao mpaka tundu la kushoto. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, huku na huku. Vikilingana fremu imenyooka. Visipolingana, upande mmoja umetoka kuliko mwenzake, rekebisha huo tu. Tulikaa chini ya mwembe mpaka adhana ya magharibi.
Fremu ya alumini msiifanyie hivi, itapasuka.
Na magurudumu msidanganywe na 28 ya Phoenix. Ile ringi yake ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, ya resi ni 622, haikai. Lakini ringi ya mauntini ya 29 ni 622 hiyo hiyo. Tafuta nyembamba, na hakikisha ina ukuta wa breki, maana nyingi za sasa ni za diski na breki ya resi haina pa kubana.

Kijana wa Kibirizi
Ukifunga keria inapakia mtu?

Asali ya Sikonge
Ukipakia mtu nitakuja kukukamata mwenyewe.

Kijana wa Kibirizi
Basi haina faida. Hapo hapo kwenu Tabora watu wamesomesha watoto kwa keria.

Mama Mawese
Jamani mimi si mtu wa resi, mimi napika sabuni. Ila nina mume ana ugonjwa wenu.
Tatizo lake lilikuwa bomba la siti. Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma, limekaa miaka bila grisi, limeshikana. Walimimina mafuta ya taa, wakamimina soda, mpaka mawese yangu waliyachukua bila kuuliza. Fundi akalibana kwenye jiliwa na kuzungusha fremu nzima, likakatika, kipande kikabaki ndani. Wanaume watatu wamekaa wanakitazama.
Nikawaambia, kostiki ninayopikia sabuni ukiiweka kwenye sufuria la alumini inalila. Chuma hailili. Sasa mnangoja nini? Tukaziba tundu la chini vizuri, tukamimina kidogo kidogo kwa juu. Ilichemka bila moto. Kulipokucha kipande kimekuwa uji.
Nasema haya kwa sababu najua kuna mtu atakimbilia kujaribu: fanyia nje, vaa glavu ndefu na miwani, sigara ikae mbali kwa sababu ile hewa inayotoka inawaka. Na kostiki ndiyo inatiwa kwenye maji, maji hayamwagiwi juu ya kostiki. Pale ilipochuruzika rangi yote ilitoka. Mume hakusema asante.

Mgebuka Mkavu
Mama umetisha. Mafundi tumezidiwa na mpika sabuni.

Chuma Hakifi
Mnapoteza muda. Kununua kitu kimechoka ili uteseke nacho ni umaskini wa akili. Kwa laki na themanini unapata mauntini ya mtumba yenye gia 21, unapanda unaondoka. Hizo fremu zenu zikikatika ni kwenda kwa mchomeleaji yeyote, dakika tano.

Fundi wa Gungu
Ninyi ndio mnaozimaliza. Bomba la Columbus SL unene wake kwenye miisho ni milimita 0.9, katikati 0.6. Ukilipiga arki (kuchomelea kwa umeme) ya mageti na madirisha unalitoboa, au unaliunguza pembeni mwa kiungo, na siku nyingine linakatikia hapo hapo ukiwa unashuka mlima wa Manyovu. Fremu hizi mabomba yaliingizwa kwenye soketi za maungio yakaunganishwa kwa shaba. Tafuta mtu wa gesi anayejua moto mdogo.

Chuma Hakifi
Yangu imepigwa arki na inatembea.

Fundi wa Gungu
Ya chuma gani?

Chuma Hakifi
Ya chuma.

Mtu wa Katubuka
Nilikuwa nasoma kimya kimya, lakini hiyo stika ya njiwa imenigusa pabaya. Kaeni vizuri.
Nilikuwa na Colnago. Ile yenye alama ya pao la karata. Niliipata kwa kubadilishana na jamaa wa Bujumbura, nilitoa simu na madumu mawili ya mawese, fremu ikaja kwa boti ndani ya gunia. Nyekundu, haijapinda popote. Nikaanza kukusanya vifaa pole pole. Breki za Campagnolo zilitoka Arusha kwa basi, usukani nilinunua kwa mtu Mwanza, bomba la siti la milimita 27.2 lilinisumbua kuliko vyote. Fremu yenyewe ilikaa stoo, nimeifunga kwenye khanga.
Nikaitwa msibani Kibondo. Narudi nakuta stoo imefagiliwa, inang'aa, kuna ndoo zimepangwa. Nikauliza, "Chuma changu kiko wapi?" Mama watoto akasema, "Kile kilichooza? Wamepita watu wa chuma chakavu, nimewapa pamoja na jiko bovu na yale mabati. Hela tumenunulia sukari."
Wakuu, Colnago ilipimwa kwenye mzani. Na sifa yote ya fremu ile ni wepesi, pamoja na foki haifiki kilo tatu, kwa hiyo jiko bovu ndilo lililoleta hela kuliko yenyewe.
Nikaenda mbio kwa mnunuzi. Akasema lori limeshaondoka mchana, linapita Uvinza kuelekea Tabora mpaka Dar. Nikapanda bodaboda vilevile nilivyo, na kandambili. Njiani dereva akaniuliza, "Mgonjwa ni nani, kaka?" Nikamwambia, "Ni Mtaliano." Akaongeza mwendo.
Tukalikuta Uvinza, limepasukiwa tairi, giza limeshaingia, dereva amelala kwenye mkeka chini ya bodi. Nikamweleza. Akasema mzigo umepimwa, ukifika pungufu atakatwa yeye. Nikamwambia nitakurudishia uzito ule ule. Akacheka, akasema haya, lete. Chuma natoa wapi saa zile? Nikaanza kugonga milango ya watu nisiowajua Uvinza usiku, naomba kununua chuma kibovu. Mzee mmoja alidhani ni ushirikina akafunga mlango. Wa mbele yake akaniuzia majembe mawili yaliyoisha na kipande cha springi ya gari, na akanisindikiza kuja kuona mwenyewe kama ni kweli.
Nikapanda juu ya shehena na tochi ya simu. Mabati, magurudumu ya mikokoteni, kitanda cha hospitali, sijui nini. Niliona wekundu kidogo chini ya injini ya mashine ya kusaga. Tuliisogeza watu wanne, dereva wa bodaboda akiwemo. Fremu nikaitoa, bomba la juu limebonyea kidogo kushoto, kwingine nzima.
Foki haikuwepo. Tulitafuta mpaka simu ikazima. Nadhani sasa hivi ni nondo kwenye ghorofa la mtu.

Kijana wa Kibirizi
"Ni Mtaliano" 😂😂😂 Nimekufa mimi.

Kapera wa Mwanga
Swali moja tu. Huyo mke bado yupo? Ndiyo maana sisi tunasema kataa ndoa.

Mama Mawese
Wewe Kapera tulia. Mtu anatoa simu na mawese kununua kitu, anakificha stoo ndani ya khanga ya mwenzie, hamwambii ni nini wala thamani yake, halafu anasafiri. Ningekuwa mimi ningeuza na hizo breki.

Kapera wa Mwanga
Kwa hiyo kosa ni la khanga?

Mtu wa Katubuka
Yupo, na anasoma hapa. Anasema sukari ile na mimi niliinywa.

Asali ya Sikonge
Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi Uvinza ilikuwa ngapi?

Mtu wa Katubuka
Hiyo sitaitaja. Nimesema anasoma.

Mjukuu wa Ujiji
Wakuu turudi kwenye fremu basi.

Kijana wa Kibirizi
Kwanza atuambie springi ilikuwa bei gani.

Fundi wa Gungu
Katubuka, foki utapata, ila usichukue yoyote tu. Pima urefu wa shina lile linaloingia kwenye kichwa cha fremu. Likizidi utakata, likipungua huna dawa. Na ukiokota foki ya Kijapani angalia pale kinapokaa kikombe cha chini. Nyingi za Kijapani ni milimita 27.0, Mtaliano ni 26.4. Cha 26.4 ukikilazimisha kwenye 27 kinapasuka, cha 27 ukikiweka kwenye 26.4 kinacheza.

Mgebuka Mkavu
Mjukuu, bei ya huyo mzee lawama ipelekeni Kigali. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yaje pale Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, na Pogačar akashinda juu ya Colnago, kila mwenye kibomba cha Kitaliano anajiona tajiri. Ukimwambia ile ya Pogačar ni kaboni na hii yake ni chuma anakuuliza, "Kwani si Mtaliano?" Mpe nusu, ondoka, rudi baada ya wiki.

Asali ya Sikonge
Usimsikilize. Ukiondoka haipo. Wapo wanaosoma hapa na hawachangii.

Mjukuu wa Ujiji
Mrejesho. Nimerudi na rula. Ni 70, fundi, kwa hiyo nimeshajua kilio kinaanzia wapi. Nyuma 126. Nimepitisha kidole chini ya bomba la chini karibu na kichwa kama hakuna mkunjo, hakuna. Sikio la gia, pale inapofungwa gia ya nyuma, limepinda kwa ndani, ila ni chuma, litanyooka. Ndani ya bomba la kiti hakuna kitu kimekwama, Mama Mawese tutakusumbua siku nyingine. Mzee ameshuka mpaka laki na ishirini, anasema chini ya hapo bora aifanye ya kutundikia matairi.
Nina laki kasoro. Namalizia kesho asubuhi nikipata.

Fundi wa Gungu
Vikombe vya 36 ninavyo, pande zote mbili, nilivitoa kwenye fremu iliyokatika. Njoo na fremu tuvipime kwanza kabla hujaagiza Dar.

Chuma Hakifi
Mzee mwenyewe anakaa upande gani wa soko, ule wa stendi au wa kwenye mitumba?